Kila mtu ananiita mpole, lakini mkono wangu umeanza kumuumiza mama

Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mtoto wa tatu kati ya wanne. Mama yetu alipatwa na kiharusi mwaka jana, upande wake wa kulia ukalegea na maneno hayamtoki sawasawa. Nilimchukua akae kwangu kwa sababu kila mmoja wa wenzangu alikuwa na lake: kaka mkubwa ana kazi ya kusafiri, dada yuko nje ya nchi, mdogo wetu ndiyo kwanza ameoa. Hakuna aliyenilazimisha. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema, "Hakuna shida, atakaa kwangu."

Tangu hapo namwogesha, namgeuza usiku, namlisha, nampa dawa, kisha nawahi kazini jirani anapokuja kukaa naye. Kaka hutuma pesa na maagizo: mbona mama hajapelekwa mazoezi, mbona kwenye picha anaonekana amekonda. Dada huandika kwenye kundi la familia, "Mungu akuzidishie, una moyo wa ajabu." Mimi hujibu "Amina", halafu nikiweka simu chini nakuta taya zinaniuma kwa kuziuma.

Sijawahi kugombana na yeyote kati yao. Tangu utotoni mimi ndiye mpole wa nyumba. Lakini siku hizi mwanangu wa miaka 9 akirudi shuleni husimama kwanza mlangoni asikilize jinsi ninavyogonganisha sufuria jikoni, ndipo aamue kama aje kunisalimu au apite moja kwa moja chumbani kwake. Nasahau mambo pia. Wiki iliyopita sikukumbuka kama nilikuwa nimempa mama dawa ya presha au bado.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juzi jioni nilikuwa namlisha mama, dakika chache baada ya kusoma ujumbe wa kaka. Mama akafunga mdomo. Nikamsukumia kijiko kwa nguvu. Akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akanitazama. Nikamfuta, nikaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Je, upole wangu wote huu ulikuwa unafiki? Na nikiwaambia ndugu zangu kwamba nimelemewa, si nitaonekana namhesabia mama aliyenizaa? Nifanye nini nisije nikamuumiza zaidi?

Mpole wa Nyumba

*

Dada Mpole wa Nyumba,

Tuanze na kijiko, maana hicho hakiwezi kusubiri.

Watu wengi waliopata kiharusi humeza kwa shida. Chakula kikiingia mdomoni kabla hajawa tayari, kinaweza kuteleza kwenye njia ya hewa, kishuke mapafuni na kuleta nimonia. Kwa hiyo kuanzia mlo ujao mkalishe mama wima kabisa. Tumia kijiko cha chai, ukijaze nusu tu, na usiongeze kingine mpaka uone amemeza na mdomo ni mtupu. Akimaliza, mwache aketi wima kwa dakika 30 kabla ya kumlaza. Akifunga mdomo, acha. Huenda ameshiba, amechoka, au bado ana tonge shavuni upande uliolegea, asioweza kuuhisi vizuri. Kama huwa anakohoa wakati wa kula, au sauti yake huwa kama ya mtu mwenye maji kooni baada ya kumeza, mweleze daktari wake wiki hii ili apimwe namna anavyomeza.

Sasa mkono wako. Hasira haiji ghafla kama inavyodhaniwa. Wewe mwenyewe umetaja dalili ya kwanza, yaani taya. Wengine hupandisha mabega, wengine hukaza vidole. Ukiikuta dalili hiyo huku umeshika kijiko, kiweke mezani. Hakikisha mama hana chakula mdomoni na ameegemea mahali asipoweza kuanguka, kisha toka hadi pale ambapo bado unamsikia. Mapigo ya moyo yakipita takriban 100 kwa dakika, uwezo wa kusikiliza na kupima maneno hushuka sana. John Gottman, mtafiti aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi wanandoa wanavyogombana, hushauri mtu aliyefikia hapo apumzike kwa dakika zisizopungua 20, kwa kuwa mwili huchukua muda kutulia hata baada ya jambo lenyewe kwisha. Katika dakika hizo vuta pumzi kwa hesabu ya 4 na uitoe kwa hesabu ya 6. Ni kama pumzi 6 kwa dakika. Jambo moja huharibu mapumziko haya: kukaa pembeni ukimjibu kaka kichwani. Ukifanya hivyo dakika 20 zitakwisha na moyo utakuwa unadunda vilevile.

Kuna mpaka ambao tunautaja waziwazi. Ikitokea umempiga mama, umemfinya, au umemnyima chakula kwa hasira, siku hiyohiyo mtu mwingine ashike zamu, hata kama ni kwa kumpigia simu jirani usiku. Hayo huwapata watu wema waliolemewa kwa muda mrefu, nao huyaficha kwa aibu mpaka yanakuwa makubwa. Wewe umeandika mapema, na hilo ni jambo zuri sana.

Unauliza kama upole wako ni unafiki. La. Ulimpenda mama ulipomchukua na unampenda sasa. Ila kwa miaka mingi umefanya kazi mbili na kuziita jina moja. Ya kwanza ni kuwatendea watu wema. Ya pili ni kuficha unachohisi ili wasikasirike. Hiyo ya pili ina gharama, na gharama yake imepimwa.

Mwaka 1993 wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu fupi za kuchukiza na kuwaomba baadhi yao wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli. Kinyaa chenyewe hakikupungua hata kidogo, na mfumo wa neva unaoamsha mwili ukafanya kazi zaidi kuliko wa wale walioachwa huru. Yaani kujikaza kulibadilisha kile ambacho wengine wanakiona, na ndani kukabaki vilevile pamoja na mzigo wa kujikaza. Mwaka 2000 Gross na mwenzake Jane Richards walionyesha kwamba watu wanaoficha hisia hukumbuka kwa uchache yale yaliyosemwa wakati huo, kwa sababu sehemu ya akili ilikuwa bize kulinda uso. Pamoja na kukosa usingizi, hilo linaweza kueleza sehemu ya kusahau kwako. Bandika karatasi ya dawa ukutani, yenye tarehe na saa, na uweke alama mama akishameza, usiweke wakati unatoa kidonge kwenye pakiti. Siku ukiwa na shaka kama amekunywa, usirudie dozi. Muulize kwanza mfamasia au daktari.

Kuhusu mwanao, hili litakuuma kidogo, lakini ni vizuri ulijue. Mwaka 2003 Emily Butler na wenzake waliwakutanisha wawili wawili wanawake wasiofahamiana, wakatazama filamu ya kuhuzunisha na kisha kuizungumzia. Pale mmoja alipoagizwa kwa siri aufiche moyo wake, presha ya mwenzake ilipanda zaidi, ingawa hakujua chochote kuhusu agizo hilo. Kwa hiyo kunyamaza hakumkingi mtoto. Anajua kuna kitu, hajui ni nini, na mtoto asiyejua ni nini kwa kawaida hujitwika yeye lawama.

Basi kwa nini hasira ya ujumbe wa kaka imwangukie mama? Kwa sababu kaka yuko mbali, ni mkubwa kwako, na ndiye anayetuma pesa. John Dollard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliliandika hili tangu 1939: hasira isiyoweza kumfikia aliyeisababisha huelekea kwa aliye karibu na asiyeweza kulipiza. Nyumbani kwako walio hivyo ni wawili tu, mgonjwa na mtoto. Mama alipofunga mdomo alikuwa tone la mwisho, tena dogo. Dawa ya jambo hili, basi, haipatikani chumbani kwa mama. Kumwahidi Mungu kwamba utakuwa mvumilivu zaidi kutakusaidia siku mbili tatu, kisha utarudi palepale, kwa kuwa kinachojaza kifua bado kinaingia kila siku kupitia simu.

Pengine umeshashauriwa ujifungie chumbani upige mto au upige kelele mpaka yaishe. Usifanye hivyo. Brad Bushman alilijaribu jambo hilo mwaka 2002: watu waliokasirishwa wakapewa mfuko wa mazoezi ya ngumi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka wakiwa na hasira zaidi kuliko wale waliokaa kimya bila kufanya kitu. Hali ni hiyohiyo kwa ujumbe mrefu wa sauti kwenye kundi la familia saa 6 usiku. Utahisi nafuu kwa muda mfupi, kisha mtatumia mwezi mzima mkijadili lugha uliyoitumia, na zamu za mama hazitajadiliwa.

Kinachosaidia ni kutoa kidogo kidogo, mapema, na kwa mtu anayehusika. Anza na wewe mwenyewe. Mara tatu kwa siku, ukiwa katika shughuli ambayo hata hivyo utaifanya, kama kunawa mikono baada ya kumhudumia mama, sema sentensi moja kwa sauti ya chini: nahisi nini, kwa sababu gani, na kwa kiasi gani kati ya 10. "Nina hasira kwa sababu kaka ameuliza kuhusu mazoezi bila kuuliza nimelala saa ngapi. Ni 6." Utafiti wa Matthew Lieberman wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kuipa hisia jina hupunguza msisimko wa amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari. Tafuta neno lenyewe hasa. Wengi husema "nimechoka" na kuishia hapo, lakini chini yake kuna uchungu, wivu, hofu, hatia. Kwako tunadhani kuna majonzi pia: mama aliyekuwa akikupigia simu akakucheka yupo mbele yako na hayupo. Watu huona aibu kumlilia mtu aliye hai, wakati kilio hicho ni halali kabisa. Ukifika 4, hiyo ni alama ya kusema na mtu. Ukifika 7, weka kila kitu chini na utoke kama tulivyoeleza.

Njia nyingine ni kuandika. James Pennebaker na Sandra Beall waliichapisha mwaka 1986: dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, unaandika tukio linalokusumbua pamoja na unavyohisi kulihusu. Vyote viwili, maana kuandika matukio matupu hakukuleta matunda yale. Miezi iliyofuata walioandika hivyo walikwenda kwa daktari mara chache zaidi. Usijali tahajia, usimwonyeshe mtu, na ukitaka chana karatasi ukimaliza. Tarajia kuhisi huzuni zaidi mara tu unapoweka kalamu, kwa hiyo usiandike dakika za mwisho kabla ya kulala wala kabla ya kumlisha mama. Huzuni hiyo kwa kawaida hupungua baada ya muda. Isipopungua, au ukijikuta unarudia lalamiko lilelile neno kwa neno kila siku, acha na utafute mtu wa kuzungumza naye.

Baada ya siku hizo 4 utakuwa tayari kwa kaka. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kwa wiki moja andika kila unachomfanyia mama na muda unaotumia: kumwogesha dakika 40, kumgeuza mara 3 usiku, kulisha, dawa, kufua, kwenda kliniki. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Ndugu zako hawajui uzito huu kwa sababu hawajawahi kuushika, na wewe umewaambia kila siku kwamba ni mwepesi. Unaogopa kumhesabia mama. Hesabu hii ya saa hutampa mama, utawapa wenzako. Mama aliwalea wanne, na kumtunza ni kwa wote wanne.

Usianze kwenye kundi. Mbele ya hadhira kila mtu hulinda sura yake, na maandishi hayabebi sauti ya upole. Anza na kaka peke yake, kwa simu au ana kwa ana, kwa miadi: "Kaka, shikamoo. Naomba nusu saa Jumamosi asubuhi tuzungumze habari za mama, mimi na wewe. Sina ugomvi." Mazungumzo mengi huisha kama yalivyoanza, kwa hiyo dakika tatu za kwanza zichague mapema. Ukianza na "Ninyi hamjali", atatumia nusu saa nzima kuthibitisha kwamba anajali. Sema mambo matatu tu, kwa mpangilio huu: unachokitaka kiendelee, kilichotokea, na unachoomba. Kwa mfano: "Nataka mama abaki kwangu. Nimefika mahali nimeelemewa, juzi nilimlisha kwa hasira akapaliwa. Nahitaji siku mbili kwa wiki nilale usiku kucha, na Jumapili moja kwa mwezi nitoke kabisa. Wewe utashika lipi?" Ombi liwe na siku na saa. "Nisaidieni" humfikia kila mtu na halimshiki yeyote.

Jiandae kwa majibu. Akisema, "Si wewe ulisema hakuna shida?", usimkatalie, kwa sababu ni kweli: "Nilisema, kaka. Niliogopa kukataa. Sasa naomba tupange upya." Akitaka kuongeza pesa, pokea kwa shukrani na uzigeuze kuwa saa hapohapo: pesa hizo zimlipe mtu wa kulala na mama siku fulani na fulani. Akinyamaza au akikasirika, usizibe ukimya huo kwa "basi, haidhuru". Mpe siku mbili, kisha uliza tena kwa sauti ileile. Mkishaelewana ndipo mpeleke mpango kwenye kundi, kaka akiwa ndiye anayeuandika.

Na lile jibu la "Amina" halafu kimya, libadilishe kuanzia leo. Akiandika kuhusu mazoezi, jibu: "Nimekuelewa. Kwenda na kurudi ni saa mbili. Nani atampeleka wiki hii?" Hakuna tusi hapo wala lawama. Huenda mara mbili za kwanza ukahisi umekosa adabu. Ni ugeni tu wa kusikia sauti yako.

Tukizungumza kuhusu kaka, mfikirie vizuri kidogo. Mtu anayetuma maagizo kila siku kuhusu mama asiyemwona mara nyingi ana hatia yake anayoificha chini ya amri. Dada naye, aliye mbali, huenda hana cha kutoa ila dua. Huna haja ya kuwatetea. Kulijua hilo kutakusaidia tu uongee nao bila kuwaona kama maadui.

Na mama? Yeye ana mengi kifuani kuliko ninyi nyote, na hana maneno ya kuyatoa. Karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi hupatwa na sonona. Kufunga mdomo kunaweza kuwa ndiyo "hapana" pekee aliyobakiwa nayo. Mrudishie nyingine: muulize maswali ya kutikisa kichwa, moja moja, na umpe muda wa kujibu. Ale sasa au baadaye? Nguo hii au ile? Mchane nywele siku moja bila haraka, wakati ambao hakuna kazi inayongoja. Wagonjwa wengi huacha kupigana na kijiko wanapoanza kuulizwa.

Umwombe radhi pia, hata kama imepita siku kadhaa. Watu wengi wanaoshindwa kusema baada ya kiharusi huelewa zaidi ya wanavyoweza kutamka. Keti mahali anapouona uso wako, mshike mkono unaohisi vizuri, na useme kwa ufupi: "Mama, siku ile nilikusukumia kijiko ukapaliwa. Hukukosea chochote. Nisamehe." Usiongeze "lakini". Kwa mwanao, vivyo hivyo: "Nimekuwa na hasira siku hizi. Haikuhusu wewe. Nikiwa hivyo nitakuambia, na nitakaa kando kidogo." Asikubembeleze, ukiona anaanza, mwambie hilo ni jukumu la watu wazima.

Mwisho, afya yako. Pima presha yako wiki hii. Kama umekuwa na huzuni nzito karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, hupati usingizi hata mama anapolala, au hakuna kinachokufurahisha, muone daktari au mshauri wa afya ya akili. Wazo la "laiti haya yaishe" huwapitia wauguzaji wengi, na kulipata hakukufanyi muovu. Ukianza kufikiria namna ya kujidhuru au kumdhuru mama, usingoje kesho: mpigie mtu aje sasa hivi, na nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Ukishazungumza na kaka, tuandikie amechukua siku zipi. Kama hakuchukua yoyote, tutumie ile orodha ya saa tuipange pamoja upya kwa ajili ya mdogo wenu. Kuoa juzi hakumzuii kulala kwa mama Ijumaa moja moja.